Je, Wajua? Muziki wa Dukani na Kitufe Chake

Je, wajua kwamba ukitaka muziki wa duka lako usikike maradufu ya unavyosikika sasa, amplifaya italazimika kutoa nguvu mara kumi? Si mara mbili, mara kumi. Ikiwa leo inasukuma wati 10, ukiifikisha 20 umeongeza desibeli tatu tu, na mama anayechagua vitenge hatainua hata kichwa. Ili aone muziki umepanda mara mbili, unahitaji wati 100. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba sabufa ya wati 200 inapiga mara mbili ya ile ya wati 100, ujue umeuziwa namba ya kwenye boksi.

Je, wajua kwamba hata kuongeza spika hakuleti kishindo unachokidhani? Spika mbili zinazofanana, zikipiga kwa nguvu ileile, huzidi moja kwa desibeli tatu hivi. Faida ya spika nyingi iko kwingine kabisa, nitaifikia.

Wajua kwamba desibeli 0 si ukimya? Ni mpaka wa sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima la kijana huweza kuinasa. Mnong'ono ni kama 30. Watu wawili wanaozungumza kawaida wakiwa wamesimama mita moja mmoja kutoka kwa mwingine wanafika 60 hivi. Ishike hiyo 60, maana karibu kila hesabu ya sauti ya dukani inarudi kwake.

Je, wajua kwa nini amplifaya nyingi zinaonyesha namba za kutoa, -60, -40, -10, halafu 0 mwisho kabisa wa kitufe? Kwa sababu kitufe cha sauti hakiongezi chochote. Kazi yake ni kuzuia. Kwenye 0 kimeacha kuzuia, na kila hatua ya kurudi nyuma ni desibeli zilizokatwa. Kwa sababu sikio lina hesabu yake ya ajabu, kitufe kizuri hutengenezwa kiende kwa mwendo wa sikio: mwanzo kinatoa kidogokidogo, mwisho kinamwaga. Kisichotengenezwa hivyo utakijua. Ukikigusa tu, duka zima linaruka. Ukishapita robo, zungusha utakavyo, kinachobadilika ni kidogo.

Je, wajua kwamba biashara ya kuuza muziki wa kupigwa chinichini ilianzishwa na jenerali wa jeshi? George Owen Squier aliongoza kikosi cha mawasiliano cha Jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kabla ya hapo alikuwa amevumbua njia ya kupitisha sauti kadhaa kwa mpigo katika waya mmoja. Wazo lake la biashara lilikuwa muziki uingie majumbani kwa waya, kama umeme, na mwisho wa mwezi mtu alipe bili. Mwaka 1934 kampuni ikapewa jina la Muzak: nusu ya kwanza imechukuliwa kwenye neno la Kiingereza la muziki, nusu ya pili kwa Kodak, ile kampuni ya kamera, kwa kuwa Squier alilipenda jina hilo. Akafariki mwaka huohuo. Majumbani, redio ilishinda, kwani nani alipie muziki wa waya na wa hewani ni bure? Muzak ikahamia hotelini, viwandani, ofisini na madukani, na huko ikatajirika.

Na wajua walichokuwa wakiuza hasa? Mpangilio. Nyimbo zilifungwa katika vipande vya dakika 15, kila wimbo ukichangamka kidogo kuliko uliotangulia, kisha zikafuata dakika 15 za kimya. Waimbaji waliondolewa, zikabaki ala peke yake, maana sauti ya binadamu huteka sikio na kumtoa mtu kwenye shughuli yake. Ule ukimya ulikuwa sehemu ya bidhaa, na mteja aliulipia. Leo ukimwambia kijana wa dukani azime muziki robo saa, atakuuliza kama umeme wa LUKU umeisha.

Je, wajua kwamba mwanamuziki wa roki Ted Nugent, mwaka 1986, alitangaza kuwa yuko tayari kuinunua Muzak kwa dola milioni 10, kusudi aifunge? Wenyewe hawakuuza. Kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2009, ikanunuliwa miaka miwili baadaye, na mwaka 2013 jina lenyewe likastaafishwa.

Wajua kwamba ugomvi wa muziki wa lazima umewahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani? Mwaka 1952, abiria wa mabasi na tramu za jiji la Washington walilalamika kwamba kampuni ya usafiri iliweka spika na kuwalazimisha kusikiliza redio, muziki pamoja na matangazo ya biashara. Walishindwa, mahakama ilisema Katiba haijavunjwa. Ila Jaji Felix Frankfurter alijitoa kwenye kesi mapema, akieleza kwamba yeye mwenyewe ni mhanga wa jambo hilo na hisia zake ni kali mno kumruhusu kuamua. Abiria wa daladala na matatu, huyu jaji ni wenu.

Je, wajua kwamba BBC ilikuwa na kipindi cha muziki kwa ajili ya viwanda, kilichoanza Juni 1940, vita vikiwa vimepamba moto? Kiliitwa Music While You Work, na kilidumu hadi 1967. Bendi ziliagizwa zipige kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwa sababu sehemu ya wimbo iliyopigwa taratibu ingemezwa na mngurumo wa mashine. Wimbo mmoja uliokuwa na makofi, Deep in the Heart of Texas, ulipigwa marufuku: ilihofiwa wafanyakazi wangeacha kazi na kugonga vyuma kufuatisha mdundo.

Wajua kwamba mtunzi Mfaransa Erik Satie alitangulia wote hao? Alitunga muziki aliouita wa fanicha, wa kuwepo tu chumbani kama kiti. Ulipopigwa Paris mwaka 1920, watu walikaa kimya wakasikiliza kwa adabu. Satie akazunguka akiwasihi waendelee kuzungumza.

Sasa tuje kwenye pesa, maana huko ndiko wenye maduka hufungua masikio.

Je, wajua kwamba tangu 1966 watafiti wamekuwa wakijua kwamba sauti kubwa humfukuza mteja bila yeye kujitambua? Patricia Cane Smith na Ross Curnow walipima jambo hilo katika supamaketi mbili za Marekani, wakibadilisha kitu kimoja tu, ukubwa wa sauti. Muziki ulipokuwa juu, watu walitoka dukani mapema zaidi. Mauzo hayakuonyesha tofauti ya maana, na hata kuridhika kwa wateja hakukubadilika. Kuna wanaousoma utafiti huo na kusema: basi sauti kubwa haina hasara, mteja ananunua yaleyale kwa muda mfupi. Sawa, kwa supamaketi ambako mtu anaingia na orodha. Lakini duka la nguo, la vipodozi au la vyombo linaishi kwa yule aliyeingia "kuangalia tu". Huyo ukimnyima muda, umemnyima sababu ya kununua.

Je, wajua kwamba mwendo wa muziki nao una neno lake? Mwaka 1982 Ronald Milliman alichapisha matokeo ya majaribio katika supamaketi moja ya Marekani. Siku za muziki wa taratibu wateja walitembea polepole kati ya rafu, na mauzo yalizidi yale ya siku za muziki wa kasi kwa asilimia 38 hivi. Muziki wenyewe ulipigwa chini. Wengi walipoulizwa baadaye hawakuwa na hakika kama ulikuwepo. Miaka minne baadaye alijaribu mgahawani: muziki wa taratibu uliwakalisha watu mezani muda mrefu zaidi, na bili ya vinywaji ikapanda.

Na wajua ile habari ya mvinyo? Supamaketi moja ya Uingereza iliweka mvinyo wa Ufaransa na wa Ujerumani kwenye rafu moja, bei zikiwa zinalingana. Siku moja ulipigwa muziki wa Kifaransa, siku ya pili wa Kijerumani, hivyo hivyo kwa wiki mbili. Siku za Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za Ufaransa na 8 tu za Ujerumani. Siku za Kijerumani mambo yaligeuka: 22 za Ujerumani kwa 12 za Ufaransa. Jarida la Nature lilichapisha matokeo hayo mwaka 1997, na waliokiri kwamba muziki uliwagusa walikuwa wachache mno. Spika haikuhitaji kupiga kelele kufanya kazi hiyo.

Wajua kwamba sauti kubwa hubadilisha hata sahani? Katika mkahawa mmoja wa Stockholm, watafiti walipiga muziki kwa desibeli 55, kisha kwa 70. Kwenye 55 watu waliagiza zaidi vyakula vya kujenga afya. Kwenye 70 wakaelekea kwenye vyenye mafuta na sukari. Utafiti ulitoka mwaka 2019, na maelezo yake ni mepesi: sauti ya chini hutuliza mwili, na mtu aliyetulia huchagua kwa kufikiri.

Wenye baa wao wana hesabu yao. Mwaka 2008 Nicolas Guéguen na wenzake walichapisha majaribio ya kwenye baa mbili za Ufaransa. Sauti ilipopanda kutoka desibeli 72 hadi 88, vijana wa kiume waliongeza bia kutoka wastani wa 2.6 hadi 3.4, na kila glasi ikaisha kwa dakika 11 na ushee badala ya 14 na nusu. Ukiona huwezi kuzungumza na rafiki yako baa, jua kuna mtu anayefaidika na kimya chenu.

Lakini duka si baa, na hapa nina ugomvi na baadhi ya wafanyabiashara wetu. Tafiti zile za madukani zilifanywa kwenye maduka ambako bei imebandikwa na mteja anaweza kuingia na kutoka bila kufungua mdomo. Duka la Kariakoo, la Gikomba, la Darajani au la Biashara Street pale Mombasa linaendeshwa kwa mdomo. "Hii shilingi ngapi, kaka?" "Mwisho wako ngapi?" "Punguza kidogo, mimi mteja wako." Biashara yenyewe ni mazungumzo, halafu mwenye duka anayazika kwa sabufa aliyoiweka mlangoni.

Je, wajua ni sehemu gani ya maneno inayozikwa kwanza? Ni zile konsonanti nyembamba, s, t, f na ndugu zake. Vokali zina nguvu, hupenya. Konsonanti hizi hazina nguvu nyingi, na mlio wake uko kwenye masafa ya juu, palepale panapokaa manyanga na matoazi ya muziki. Kinachomfikia mteja ni vokali tupu, ubongo unajaza pengo kwa kukisia. Muulize muuzaji aliyewahi kusema sitini, mteja akasikia tisini, akaondoka kimyakimya akidhani bei imemshinda. Namba ya kulipia kwa simu ndiyo balaa zaidi, kwa sababu tarakimu haina maneno jirani ya kuisaidia.

Wajua kwamba ukiongeza muziki, watu huongeza sauti zao bila kuamua kufanya hivyo? Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Matokeo yake dukani ni mzunguko: muziki unapanda, watu wanapaza, keshia hausikii tena muziki, anauongeza. Saa kumi jioni duka lilelile linapiga kelele kuliko saa nne asubuhi, na hakuna aliyekusudia.

Masikio yaliyochoka nayo huchangia. Aliyekaa na kelele tangu asubuhi, usikivu wake hushuka kwa muda, na anayoiona sauti ya kawaida ni kishindo kwa anayeingia kutoka barabarani. Kelele za mlango hazimkatazi mwenye nyumba kulala, lakini mgeni je? Ndiyo maana kitufe kisipangwe na mtu aliyeshinda dukani kutwa.

Je, wajua kwa nini muziki ukipunguzwa huonekana umekonda? Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walichora jinsi sikio linavyosikia masafa mbalimbali. Waligundua kwamba sauti ikishuka, besi ndiyo hupotea kwanza. Ngoma ipo, sikio ndilo limeiacha. Hivyo anayepandisha kitufe ili "besi irudi" anapandisha vyote asivyovihitaji. Dawa ni kuacha sauti chini na kuongeza besi peke yake kidogo. Kitufe cha "loudness" kwenye redio nyingi za zamani kiliwekwa kwa kazi hiyohiyo, na watu wengi hukibonyeza muziki ukiwa juu, wakati ambapo hakihitajiki.

Sasa ile ahadi ya spika nyingi. Je, wajua kwamba mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye spika unapoteza desibeli sita? Spika moja ya mlangoni inayotoa 90 ukiwa mita moja, kwenye mita mbili ni 84, mita nne 78, mita nane 72. Ndani ya kuta upungufu si mkali hivyo, lakini picha ni hiyo: wa mlangoni anaziba masikio, wa nyuma analalamika hasikii, na kitufe kimoja hakiwezi kuwaridhisha wote wawili. Spika ndogo sita za darini, kila moja ikinong'ona, hufanya mteja atembee duka zima bila kujua sauti inatoka wapi. Hiyo ndiyo faida yake.

Wajua kwamba mafundi wa supamaketi hutumia nyaya za volti 100? Amplifaya ya nyumbani hupeleka sauti kwa volti chache na mkondo mkubwa, na kwenye waya mwembamba wa mita 60 nguvu nyingi huishia kuupasha waya joto. Mfumo wa dukani hupandisha volti kwa transfoma, kama TANESCO au Kenya Power wanavyofanya kwenye nyaya za masafa marefu, na kila spika ina transfoma yake ndogo ya kuishusha. Marekani hutumia volti 70, sehemu nyingi nyingine 100. Uzuri wake ni kwamba fundi anachagua kwenye kila spika ichukue wati ngapi: tatu juu ya kaunta ambako watu wanazungumza, sita karibu na mafriza yanayonguruma. Hesabu ni ya darasa la tatu. Jumlisha wati za spika zote, zisizidi za amplifaya, na ubakize nafasi kidogo.

Je, wajua kwamba kitufe cha ukutani kinaweza kuwa kimezimwa kabisa na bado tangazo la moto likasikika? Vile vilivyotengenezwa vizuri vina swichi ya ndani inayolifanya tangazo la dharura likiruke kitufe. Kwa mantiki hiyohiyo, meneja akishika maiki muziki hujishusha wenyewe, akimaliza unarudi. Waliofanya kazi Dubai wanaujua utaratibu huu kwa njia nyingine: wakati wa sala, adhana husikika kwenye spika zilezile za jengo la maduka.

Wajua kwamba sauti husafiri mita 340 hivi tu kwa sekunde? Sauti ya spika iliyo mbali nawe kwa mita 20 zaidi ya nyingine inakufikia ikiwa imechelewa kiasi cha sikio kuanza kusikia mwangwi. Kwenye maghala ya bidhaa utalisikia tangazo likijirudia lenyewe, na kupandisha sauti huzidisha tatizo.

Je, wajua kwamba bidhaa zenyewe hunywa sauti? Duka la mitumba au la vitambaa humeza muziki. Duka la vigae na vioo huurudisha. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alilithibitisha hili miaka ya 1890 kwa kubeba matakia ya viti vya ukumbi wa tamthilia usiku, kuyapanga kwenye darasa lililokuwa na mwangwi, na kupima sauti inachukua muda gani kufa. Miili ya watu hufanya kazi ileile ya matakia. Duka tupu la asubuhi linahitaji sauti ndogo kuliko duka lililojaa Jumamosi, na sauti iliyopangwa usiku baada ya kufunga itakuwa imepangwa kwa duka lisilokuwepo.

Wajua kwa nini flashi moja huwa na nyimbo zinazorukaruka, huu chini, huu juu? Nyimbo za miaka ya karibuni hukandamizwa studio ili zisikike kubwa mwanzo hadi mwisho, ilhali rekodi za zilipendwa na taarabu za kale zina mabonde na milima. Ukipanga kitufe kwa ajili ya zilipendwa, wimbo wa bongofleva unaofuata utamwangusha mtu na kikapu chake. Programu nyingi za muziki kwenye simu zina sehemu ya kusawazisha sauti. Iwashe mara moja na kazi imekwisha. Marekani, matangazo ya televisheni yaliyokuwa yakifoka kuliko vipindi yalilazimisha Bunge kutunga sheria mwaka 2010.

Je, wajua kwamba muziki hutumika pia kufukuza watu? Mwaka 1985 maduka ya 7-Eleven huko British Columbia, Kanada, yalianza kupiga muziki wa kiklasiki nje ili vijana wanaozagaa waondoke. Mwaka 2005 Howard Stapleton wa Wales akatengeneza kifaa cha mlio mwembamba ambao vijana huusikia na watu wazima wengi hawausikii. Kilimpatia tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Sheria nayo iko macho. Je, wajua kwamba kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu desibeli 60 mchana katika maeneo ya biashara, na 35 usiku? Mchana unahesabiwa kuanzia saa 12:01 asubuhi hadi saa 2:00 usiku. Hiyo ni 60 ileile ya watu wawili wakizungumza. Msimamizi ni NEMA. Tanzania ina NEMC na kanuni zake za mwaka 2015. Ukipita River Road ya Nairobi saa sita mchana, utajionea mwenyewe pengo kati ya karatasi na barabara. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kinajitembeza na megafoni ya betri.

Na wafanyakazi? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asikae kwenye desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa wiki. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini inaweka mpaka wa 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda hukatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni mbili. Msichana wa kaunta anayekaa chini ya spika saa kumi kwa siku hapimwi na mtu. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Wajua kwamba kupunguza sauti hakukuondolei ada ya hakimiliki? Muziki ukipigwa dukani umepigwa hadharani, hata ukiwa chini kiasi gani, na mtunzi ana fungu lake. Tanzania Bara msimamizi ni COSOTA, Zanzibar COSOZA. Kenya ni KECOBO, inayotoa leseni kwa vyama vinavyokusanya mirabaha. Akaunti ya Spotify ya binafsi nayo hairuhusiwi dukani, kwa masharti ya wenyewe Spotify. Marekani iliyasamehe maduka yasiyofikia futi za mraba 2,000 yanayopiga redio, kwa sheria ya 1998. Ulaya ikalalamika, malalamiko yakiwa yameanzia kwa chama cha watunzi cha Ireland, na mwaka 2000 Shirika la Biashara Duniani likaamua kwamba msamaha wa kuyaachia maduka na migahawa mingi namna ile umekiuka mkataba. Marekani haikubadilisha sheria. Ililipa dola milioni 3.3 na kuendelea.

Je, wajua kwamba wapo walioamua kuzima kabisa? Marks & Spencer ya Uingereza iliondoa muziki madukani mwake mwaka 2016, baada ya malalamiko ya wateja. Morrisons, mwaka 2018, walianzisha saa moja ya utulivu kila Jumamosi asubuhi: muziki unazimwa, taa zinafifishwa, matangazo yanakoma, ili watu wenye usonji na familia zao wanunue kwa amani. Sijaona kinachozuia supamaketi za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kufanya hivyo. Hakuna kifaa cha kununua.

Mwenye duka, kipimo hakihitaji mashine. Subiri saa ya wateja wengi, simama kwenye kona ya mbali na kaunta, mwambie mtu bei kwa sauti ya kawaida mkiwa mmeachana mita moja. Akikuuliza "umesemaje?", rudisha kitufe nyuma, kisha kiwekee alama ya kalamu. Nawe mteja, ukiingia ukakuta huwezi kujisikia ukizungumza, mwambie: "Kaka, shusha kidogo." Mwambie kabla hujauliza bei.